Habari za Bibi Rosalind Franklin, Mchunguzi wa Virusi

Katika mji wa London, tarehe 25 Julai mwaka wa 1920, alizaliwa mtoto wa kike, akapewa jina la Rosalind Elsie Franklin. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, watu wenye mali na heshima. Baba yake, Bwana Ellis Franklin, alifanya kazi ya benki. Lakini jioni alikuwa akienda kufundisha katika chuo cha watu wa kazi za mikono, ambao mchana hawakuwa na nafasi ya kusoma. Watoto katika nyumba ile walikuwa watano, na Rosalind alikuwa wa pili.

Tangu utoto wake alipenda kujua sababu ya kila jambo. Alipokuwa na umri wa miaka sita, shangazi yake aliandika katika barua ya kuwa akili za mtoto huyu zinatisha, maana wakati wenziwe wanapocheza yeye hukaa akifanya hesabu kwa kujifurahisha tu, wala hakosei. Alipofika miaka kumi na mmoja alipelekwa katika shule ya wasichana iitwayo St Paul's. Siku zile shule nyingi za wasichana hazikufundisha fizikia wala kemia kwa bidii. Shule hii ilifundisha, naye akayapenda masomo hayo kuliko yote.

Mwaka wa 1938 aliingia chuo kikuu cha Cambridge. Huko wanawake waliruhusiwa kusoma na kufanya mitihani ile ile ya wanaume, lakini wakifaulu hawakupewa shahada kamili. Jambo hilo halikubadilishwa mpaka mwaka wa 1948. Mwaka uliofuata kuingia kwake chuoni, vita kuu vya pili vikaanza. Jamaa zake walikuwa wakiwasaidia Wayahudi waliokimbia mateso ya Wajerumani, na wanafunzi wengi wa Cambridge waliitwa vitani. Rosalind akaendelea na masomo, akamaliza mwaka wa 1941.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchunguza makaa ya mawe. Mtu akilitazama bonge la makaa huona kitu cheusi kisicho na ajabu. Lakini ndani yake mna vitundu vidogo mno, na Bibi Franklin aligundua ya kuwa vitundu hivyo hufanya kazi kama chujio, vikipitisha hewa za namna moja na kuzuia za namna nyingine. Kwa kazi hiyo alipata shahada ya udaktari wa elimu mwaka wa 1945. Tena wakati wa vita alitumika usiku pamoja na wale waliowaangalia raia wakati ndege za adui zilipokuja kutupa mabomu.

Baada ya vita, mwaka wa 1947, alikwenda Paris, mji mkuu wa Ufaransa, na huko akajifunza kazi iliyomletea sifa, yaani kupiga picha za vitu vidogo kwa mionzi ya eksirei. Inafaa nieleze kidogo, maana bila kuifahamu kazi hii hamtafahamu habari zinazofuata.

Eksirei ni mionzi isiyoonekana kwa macho, nayo hupita ndani ya vitu ambavyo mwanga hauwezi kuvipenya. Hospitalini huitumia kupiga picha za mifupa. Lakini ina matumizi mengine. Simama ufukweni karibu na gati lenye nguzo nyingi, uangalie mawimbi madogo yakipita kati ya nguzo. Kila nguzo hurudisha viwimbi vyake, na viwimbi hivyo hukutana; mahali pengine huongezana vikawa vikubwa, na mahali pengine hupunguzana hata maji yakatulia. Mtu hodari wa hesabu, hata kama hazioni nguzo zenyewe, angeweza kujua kwa kuvitazama viwimbi hivyo tu jinsi nguzo zilivyopangwa, na umbali uliopo kati ya moja na ya pili. Ndivyo ilivyo eksirei. Chembe zilizopangwa kwa taratibu ndani ya kitu ndizo nguzo, na mionzi ndiyo mawimbi. Picha inayopatikana haionyeshi kitu chenyewe. Huonyesha madoa meusi tu juu ya karatasi. Baadaye mchunguzi huketi na kalamu, akapima kila doa na kufanya hesabu kwa miezi, pengine kwa miaka, mpaka umbo la kitu lipatikane. Kazi hii humshinda mtu mwenye haraka. Bibi Franklin hakuwa na haraka katika vipimo vyake, ingawa katika maneno alikuwa mwepesi, na wakati mwingine mkali.

Huko Paris alikaa kwa furaha nyingi. Alisema Kifaransa vizuri, alipenda mapishi ya huko, na wakati wa likizo alikwenda na rafiki zake kupanda milima. Lakini alitaka kurudi kwao, na mwanzoni mwa mwaka wa 1951 akaanza kazi katika chuo cha King's, London.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo watu hulisimulia mno. Mkuu wa idara, Bwana John Randall, alikuwa amemwandikia Bibi Franklin barua kabla hajafika, akimpa kazi ya kuchunguza DNA. DNA ni uzi mrefu na mwembamba sana ulio ndani ya seli za viumbe, nao una alama za namna nne tu, zilizofuatana kama shanga katika mkufu. Katika mfuatano wa shanga hizo zimehifadhiwa habari zinazomfanya mtoto afanane na wazazi wake. Sasa, Bwana Maurice Wilkins alikuwa ameianza kazi hiyo zamani, wala hakuarifiwa sawasawa. Akadhani ya kuwa bibi huyu ameletwa kumsaidia. Bibi Franklin naye alijua ya kuwa kazi ni yake mwenyewe. Walimu wawili wakipewa darasa moja, na kila mmoja ameambiwa kwa siri ya kuwa yeye ndiye mkuu, kutakuwa na amani gani? Wawili hawa hawakupatana tangu mwanzo, na kwa maoni yangu kosa la kwanza lilikuwa la yule aliyewagawia kazi.

Hata hivyo kazi ilikwenda mbele. Bibi Franklin alionyesha ya kuwa DNA ina sura mbili: ikikauka huwa namna moja, ikipata maji mengi huwa namna nyingine, nyembamba na ndefu zaidi. Mwezi wa Mei mwaka wa 1952 yeye na mwanafunzi wake Raymond Gosling walipiga picha ya ile yenye maji mengi, picha iliyopewa namba 51. Madoa yake yalikaa kama msalaba uliolala, na kwa mtu mwenye elimu hii msalaba huo ni alama ya kitu kilichojizungusha kama parafujo. Mwanzoni mwa 1953, alipokuwa akijiandaa kukihama chuo, picha hiyo ikafika mikononi mwa Bwana Wilkins, naye akamwonyesha James Watson wa Cambridge. Bibi Franklin hakuambiwa. Vipimo vyake vingine, vilivyoandikwa katika taarifa ya kazi ya idara, vilimfikia Francis Crick, mwenzi wa Watson. Hao wawili wakaunda mfano wa DNA wa nyuzi mbili zilizosokotana, na tarehe 25 Aprili 1953 habari hiyo ikatolewa katika gazeti la wataalamu liitwalo Nature. Makala ya Bibi Franklin na Gosling ilichapwa katika gazeti lile lile, lakini iliwekwa ya tatu, kama kwamba ilikuja kuthibitisha tu maneno ya wenzao.

Wengi wanaosimulia maisha ya bibi huyu huishia hapo, wakisikitika. Lakini yeye hakuishia hapo. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na miwili, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa bado mbele yake.

Mwezi wa Machi mwaka ule wa 1953 alihamia Birkbeck, chuo kingine cha London, ambacho wanafunzi wake wengi hufanya kazi mchana na kusoma jioni, kama wale aliowafundisha baba yake. Mkuu wake huko alikuwa Bwana J. D. Bernal. Mahali penyewe hapakuwa pazuri. Idara ilikaa katika nyumba za zamani. Chumba cha Bibi Franklin kilikuwa juu kabisa, na mtambo wa eksirei ulikuwa chini kabisa, katika chumba cha ardhini, hata siku nzima ilikuwa kupanda na kushuka ngazi. Hapo ndipo alipoanza kukichunguza kirusi cha tumbaku.

Kirusi hicho kina sifa ya pekee, kwa kuwa ndicho kirusi cha kwanza kujulikana na wanadamu. Wakulima wa tumbaku wa Ulaya walikuwa wakiona majani ya mimea yao yakiingia mabaka, ya kijani iliyokolea na ya kijani hafifu, na mmea ukadumaa. Mwaka wa 1892 Mrusi mmoja, Dmitri Ivanovsky, alikamua maji ya majani yenye ugonjwa, akayapitisha katika chujio laini sana lisilopitisha hata bakteria. Maji yaliyotoka, ijapokuwa yalikuwa safi kwa kutazama, bado yaliambukiza mimea mizima. Mwaka wa 1898 Martinus Beijerinck wa Uholanzi alifanya vile vile, akasema ya kuwa hiki si kijidudu cha kawaida, maana huongezeka ndani ya mmea ulio hai tu, akakiita kwa neno la Kilatini maana yake sumu, ndilo neno tulilonalo hata leo. Mwaka wa 1935 Mmarekani Wendell Stanley akakifanya kiwe chenga, kama chumvi inavyokauka, akakitia katika chupa. Naye alipokirudisha katika majani kiliambukiza tena. Watu wakastaajabu: kitu gani hiki, kinachokaa chupani kama chumvi, na katika jani huzaana kama kiumbe hai? Mwaka uliofuata Waingereza Frederick Bawden na Norman Pirie wakaona ya kuwa kina sehemu mbili. Kati ya kila sehemu mia, karibu tisini na tano ni protini, na zilizobaki ni RNA, ambayo ni uzi ulio ndugu yake DNA.

Ninyi mliolima muhogo mnayajua mabaka ya namna hii. Ugonjwa wa batobato, unaokunja na kutia manjano majani ya muhogo, nao huletwa na virusi, vinavyobebwa na inzi weupe wadogo. Huko Amani, katika milima ya Usambara, wataalamu walianza miaka ya 1930 kutafuta aina za muhogo zinazostahimili ugonjwa huo. Lakini virusi vya batobato ni vya ukoo mwingine, nami nitavitaja tena mbele kidogo.

Basi swali lililomkabili Bibi Franklin lilikuwa hili: ule uzi wa RNA umekaa wapi ndani ya kirusi? Si swali dogo. Kama uzi uko nje, kila kitu kitaugusa na kuukata. Kama umekunjwa katikati, utatokaje? Na mtu asipojua uzi ulipo, atajuaje jinsi kirusi kinavyozaana?

Msaidizi wake mkubwa alikuwa Aaron Klug, kijana aliyezaliwa Lithuania na kukulia Afrika Kusini. Pamoja nao walikuwapo wanafunzi wawili, Kenneth Holmes na John Finch. Hawa wanne walifanya kazi kwa upendo, na yale magomvi ya King's hayakuonekana tena.

Kwanza waliuthibitisha umbo la kirusi. Ni kama fimbo. Urefu wake ni nanomita 300, maana yake ukizipanga fimbo zaidi ya elfu tatu, moja baada ya moja, ndipo utapata milimita moja. Fimbo hiyo imejengwa kwa vipande vya protini vinavyofanana vyote, kama matofali ya kalibu moja, vikipanda kwa kuzunguka kama ngazi ya ndani ya mnara. Katika kila mizunguko mitatu mna vipande 49, na katika fimbo nzima mna vipande 2,130 hivi. Katikati, toka chini hata juu, mna tundu tupu.

Katika makala yake ya mwaka wa 1955 Bibi Franklin alisema ya kuwa fimbo zote zilizo kamili zina urefu mmoja, na zilizo fupi ni zile zilizovunjika. Norman Pirie, yule yule aliyekijua kirusi hiki tangu miaka ya 1930, hakukubali, akamwandikia kwa ukali. Pirie alikuwa mtu mwenye sifa kubwa, na wengi wangenyamaza. Bibi Franklin hakunyamaza wala hakutukana; alirudi kwenye vipimo vyake. Naye ndiye aliyekuwa na haki, kwa kuwa kinachopima urefu wa fimbo ni uzi wenyewe. Uzi ukiisha, ujenzi nao husimama.

Kisha wakautafuta uzi. Njia aliyoitumia ni nyepesi kueleza, ingawa ni ngumu kutenda. Ukitaka kujua sarafu imeshonewa wapi katika pindo la nguo, linganisha pindo hilo na la nguo nyingine ya namna ile ile isiyo na kitu. Vipande vya protini ya kirusi, vikitayarishwa vizuri, hujipanga vyenyewe viwe fimbo hata pasipo RNA. Mmarekani Donald Caspar alikuwa amepima fimbo kamili; Bibi Franklin akapima fimbo tupu zisizo na uzi, akalinganisha. Mahali vipimo vilipotofautiana ndipo ulipokuwa uzi. Haukuwa nje, wala haukuwa ndani ya lile tundu la katikati kama wengi walivyodhani. Ulikuwa ndani ya ukuta wenyewe, nanomita 4 toka katikati, umelala kati ya safu moja ya matofali na ya pili, ukizunguka pamoja nayo, kama kamba iliyolazwa katika udongo wakati wa kujenga. Habari hizi zilitolewa mwaka wa 1956. Kila tofali hushika shanga tatu za uzi. Hivyo uzi umelindwa kila upande, na ndiyo sababu kirusi cha tumbaku huweza kukaa miaka mingi katika majani makavu kisife.

Mwaka ule ule ikajulikana jambo jingine. Huko Marekani Heinz Fraenkel-Conrat, na huko Ujerumani Alfred Gierer na Gerhard Schramm, walionyesha ya kuwa RNA peke yake, ikitolewa katika protini na kupakwa juu ya jani, huleta ugonjwa na kufanya virusi vipya kamili. Basi protini ni bahasha tu. Uzi ndio barua.

Wakati wa kiangazi mwaka ule wa 1956 Bibi Franklin alikuwa Marekani kwa mashauri na wataalamu wa huko. Ndipo alipoanza kuona maumivu tumboni. Aliporudi London alipasuliwa, ikaonekana ya kuwa ana saratani. Alipokuwa akipata nafuu alikaa siku kadha nyumbani kwa Francis Crick na mkewe, yule yule Crick wa DNA. Maana walikuwa wamekuwa marafiki. Kisha akarudi kazini. Mwaka wa 1957 yeye na wenzake walitoa makala sita. Ngazi zile ndefu za Birkbeck alizipanda kwa taabu, lakini alizipanda. Tena akaanza kazi mpya, kuchunguza kirusi cha polio, ugonjwa unaopoozesha watoto. Baadhi ya watu waliogopa kirusi cha hatari kama hicho kuletwa katika nyumba ile. Yeye aliendelea na matayarisho yake.

Wakati huo aliombwa atengeneze mfano mkubwa wa kirusi cha tumbaku kwa maonyesho ya mataifa katika mji wa Brussels, nchi ya Ubelgiji. Wakaunda fimbo yenye kimo cha karibu mita moja na nusu. Kwa matofali ya protini walitumia vishikio vya usukani wa baiskeli, maana vilikuwa na umbo lililofaa na bei yake ilikuwa ndogo. Maonyesho hayo yalifunguliwa tarehe 17 Aprili 1958. Bibi Franklin alifariki London tarehe 16 Aprili, siku moja kabla, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba. Watu wakapita mbele ya ule mfano, wakauona na kuustaajabia, na aliyeutengeneza hakuwapo.

Kazi ya polio ilimalizwa na Klug na Finch, nao walipoitangaza mwaka wa 1959 waliitoa kwa kumkumbuka. Mwaka wa 1962 Watson, Crick na Wilkins walipewa tuzo ya Nobel kwa ajili ya DNA. Mwaka wa 1982 Klug naye alipewa tuzo hiyo, na moja katika sababu zake ni kazi za virusi alizozianza pamoja na Bibi Franklin.

Lakini kulikuwa na swali alilotuachia. Alijua uzi ulipolala. Hakupata kujua umeandikwa nini, wala jinsi unavyoanza na unavyokwisha. Katika maisha yake hapakuwa na njia ya kuusoma. Njia ilipatikana mwaka wa 1977, alipoitangaza Frederick Sanger wa Cambridge. Yeye aliufanya uzi wa DNA unakiliwe mara nyingi, nakala nyingine zikikomea shanga hii na nyingine ile. Kisha akazipanga kwa urefu, fupi kwanza na ndefu baadaye, akazisoma moja moja. Kwa kuwa kirusi cha tumbaku kina RNA, iliwapasa wachunguzi kuigeuza kwanza kuwa DNA. Mwaka wa 1982, huko huko Cambridge, uzi wote ukasomwa. Shanga zake ni 6,395. Ukizigawanya kwa tatu, utaona ya kuwa zinakaribia sana kulingana na yale matofali 2,130.

Kazi iliyokuwa ngumu zaidi ni kuzisoma ncha. Kimeng'enya kinachonakili hakiwezi kuanza hewani; hutaka kijiuzi kifupi cha kushikia, na mahali kijiuzi kiliposhika hapasomeki vizuri. Tena karibu na mwisho mara nyingi kimeng'enya huachia kabla ya shanga za mwisho, kama fundi anayeacha ukili wa mkeka haujafika pindoni. Kwa hiyo ncha zilitafutwa kwa juhudi ya pekee, zikasomwa katika miaka ya 1970, kabla ya uzi wote. Na kumbe ncha ndizo zenye siri ya kuzaana kwa kirusi!

Sikilizeni inavyokuwa. Kirusi huingia katika jani palipo na jeraha dogo, pengine la mkono wa mkulima mwenyewe aliyelishika jani lenye ugonjwa kabla yake. Ndani ya seli, matofali ya upande wa kichwa hulegea na kuanguka machache. Shanga 68 za kwanza za uzi hazina habari za protini yo yote; ni mlango tu. Ribosomu, yaani vile vitambo vya seli visomavyo barua na kutengeneza protini, huingia katika mlango huo, vikaanza kusoma, na kwa kadiri vinavyosonga mbele ndivyo vinavyoyasukuma matofali yaliyobaki. Seli yenyewe humvua adui yake nguo! Protini ya kwanza kutengenezwa ni kile kimeng'enya cha kunakili uzi. Kikiisha kuwa tayari hakiendi kichwani. Huenda kwenye mkia. Mkia wa uzi huu umejikunja kwa umbo linalofanana na vile vibebaji ambavyo seli huvitumia kila siku kuchukulia vifaa vya kujengea protini, kama mwizi aliyevaa nguo za mtumishi wa nyumba. Hapo kimeng'enya huanza, kikanakili toka mkiani hata kichwani, kukapatikana uzi wa kinyume. Na kutoka uzi huo wa kinyume zikanakiliwa nyuzi mpya nyingi sana, kila moja sawa na ule wa kwanza. Kama mkia ungepotea, kunakili kungeanzia wapi? Virusi vya batobato ya muhogo vimelikwepa shaka hili kwa njia nyingine: uzi wao ni DNA, nao umefungwa kuwa pete, pete mbili, hata hauna ncha kabisa.

Mwisho, nyuzi mpya za kirusi cha tumbaku huvikwa. Matofali mapya hukusanyika, nayo hayaanzii kichwani wala mkiani, bali mahali pamoja palipojikunja, shanga kama elfu moja toka mkiani. Hapo uzi huingia, na fimbo inavyokua, sehemu ya uzi iliyobaki huvutwa kupitia lile tundu la katikati, ikapanda hata juu na kulazwa kati ya safu mpya. Tundu aliloliona Bibi Franklin, akaonyesha ya kuwa uzi haukai humo, lilikuwa njia ambayo uzi hupita.

Bibi Franklin alizikwa katika makaburi ya Wayahudi ya Willesden, London. Jiwe la kaburi lake linasema alikuwa mtaalamu wa sayansi, tena linataja uchunguzi wake wa virusi na faida yake ya kudumu kwa wanadamu. DNA haikutajwa.